Uzito wa Mpini

Mimi ni fundi wa kuunganisha kompyuta za gemu, na niseme mapema: nilikuwa na maringo. Mteja akiingia dukani kwangu akasema anataka mashine ya kawaida tu, ya kuchezea jioni akitoka kazini, nilikuwa namwangalia kama mtu aliyekuja harusini na kandambili. Niliamini jambo moja. Mtu akiona kila jani la mti na kila tone la mvua kwenye kioo, atasahau kwamba amekaa kwenye kiti nyumbani kwake. Asiposahau, basi mashine haina nguvu ya kutosha, iongezwe. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wateja, na hivyo ndivyo nilivyomfanyia baba yangu mzazi.

Baba aliendesha treni ya mizigo miaka thelathini na moja. Yeye ndiye aliyenipa jina la utani, Spana, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilikuwa namfuata nyumba nzima nimeshika spana yake, na siku nyingine nilipitiwa na usingizi nayo mkononi. Njia yake ilikuwa na mteremko mrefu wenye kona kumi na moja, na madereva waliuogopa mteremko ule kuliko walivyowaogopa wakubwa wao wa kazi. Ukikaza breki mno, treni inakwama katikati ya mlima. Ukichelewa kuikaza, mabehewa yanakusukuma kwa nyuma na hakuna tena wa kumwita. Baba aliushuka miaka yote hiyo bila kuangusha hata gunia moja, na hakuna siku aliyojisifia kwa lolote ila hilo.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Aliuficha mfukoni, lakini wenzake kazini walikuwa na macho. Barua ya kumpumzisha ilimfikia siku ya Alhamisi, na safari ya Ijumaa aliyokuwa amepangiwa ikaendeshwa na mtu mwingine. Hospitalini daktari alituambia kwamba kutetemeka ni mwanzo tu, baadaye mkono ungekakamaa. Baba akauliza, "Baada ya muda gani?" kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia treni ya mchana. Daktari akasema mwaka mmoja, labda na miezi kidogo.

Nikamletea gemu ili asikae bure. Ilikuwa gemu ya zamani ya kuendesha treni, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ambayo mteja mmoja aliiacha dukani na hakuirudia. Miti ilikuwa kama masanduku ya kijani, na mawingu hayakusogea. Lakini humo ndani kulikuwa na njia ya mlimani yenye mteremko wa kona kumi na tatu, na baba alipouona akakaa wima kitini.

Breki ilikuwa herufi moja kwenye kibodi. Siku ya pili nilipokuja kumsalimia, nikakuta amechukua mwiko wa mama na kuufunga kwa mpira wa tyubu kwenye mkono wa kiti, upande wa kulia. Mkono wa kulia ulisukuma mwiko, kidole cha kushoto kikabonyeza herufi. Mwiko ule haukuunganishwa na kitu chochote.

"Mama Spana," baba akaita bila kugeuza kichwa, "usinisemeshe mpaka nifike chini."

"Nani anakusemesha?" mama akajibu kutoka jikoni. "Mimi nataka mwiko wangu. Chakula nitakoroga na nini, na honi?"

Nilicheka. Lakini nilimwona akiinama kwenye kona, bega likiinamia upande ambao behewa lingelalia. Alipofika chini alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Na mkono wake, muda wote ulipokuwa umeshika mwiko, ulikuwa umetulia. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, halafu nikayapuuza, kwa sababu macho yangu ya ufundi yalikuwa kwenye ile miti ya masanduku.

Jioni ile baba akanipa karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kalenda wa mwezi uliopita, na kwa nyuma alikuwa amechora mpini wa breki kwa penseli. Mistari ilikuwa imepindapinda kwa sababu ya ule mtetemo, lakini vipimo viliandikwa vyote: urefu, unene, mahali pa kufungia kwenye kiti, vituo saba vya kuusimamishia. Pembeni aliandika uzito: ndoo nusu ya maji.

"Hiki kitu ulichoniletea ni kizuri sana," akasema. "Kina kasoro moja, hakina uzito. Niundie mpini wa chuma. Ukiusukuma ukatae kwanza, halafu ukubali."

"Sawa, baba."

"Nataka niishushe treni mara moja tena kwa mkono wangu huu, kabla haujafa. Ile safari ya Ijumaa walininyang'anya. Mara moja tu inanitosha, Spana."

"Wiki ijayo," nikamwambia. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Lakini wiki hiyo ilipofika nilikuwa na jambo jingine kichwani. Kusema kweli niliona aibu. Mimi, fundi ambaye watu walivuka mji kunifuata, baba yangu anachezea kompyuta ya kuandikia barua za ofisi! Nikamwundia mashine mpya. Kadi ya kuchora picha niliyoiweka ilikuwa na uzito wa tofali na bei ambayo sitaitaja mbele ya mama. Kasha lilikuwa la kioo, na taa zinabadilika rangi. Gemu ilikuwa mpya pia, yenye mteremko uleule uliochorwa upya, na safari hii uliweza kuhesabu majani ya nyasi kando ya reli.

Mama akaizunguka ile mashine, mikono kiunoni. "Hii ni kompyuta au ni duka la simu?"

Ile ya zamani niliibeba nikarudi nayo dukani, na kabla ya siku kwisha nilikuwa nimeichambua. Ndiyo kazi yetu, mashine isiyotumika haikai nzima. Kumbukumbu yake ikaenda kwenye kompyuta moja, kifaa cha umeme kwenye nyingine, na kasha nikamgawia jirani afugie sungura. Mwiko nikamrudishia mama. Baba nikamkabidhi padi, ile ya kushika kwa mikono miwili, yenye vitufe na vijiti vidogo vya kusogeza kwa kidole gumba.

Sisi mafundi tuna tabia moja. Tukimaliza kuunganisha mashine, tunawasha namba ndogo ya kijani kwenye pembe ya kioo, inayoonyesha picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Namba ikiwa juu, mashine ina afya. Tunaizoea mpaka hatuizimi, na ukinikuta nacheza gemu, ujue siangalii gemu, naangalia namba. Basi mashine ya baba nikaiacha na namba yake.

Siku ya kwanza aliendesha vizuri mpaka kona ya nne, msituni. Ghafla akasimamisha treni yote.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Upepo wa breki umeshuka. Huoni geji? Ilikuwa mia na ishirini, sasa ni sabini."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba si upepo wala si geji, ni hesabu ya picha, na msitu una miti mingi kwa hiyo mashine inafanya kazi zaidi. Baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kama haimhusu dereva," akauliza, "kwa nini umeiweka mbele ya dereva?"

Nami nikibanwa huwa nakuwa mkali. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Niliizima, lakini wiki iliyofuata nikaiwasha tena kujaribu kitu fulani, na nikasahau kuizima.

Halafu kukawa na feni. Baba aliendesha treni kwa masikio zaidi ya macho. Alijua injini inavyolia ikipanda na inavyonyamaza ikishuka. Mashine yangu feni zake zilinguruma kila palipokuwa na miti mingi, hata kama treni iko tambarare, na zikanyamaza jangwani hata kama treni inapanda. "Injini gani hii inachoshwa na majani?" akasema. Nikaleta feni zisizo na kelele. Hazikutosha, nikaleta mtambo wa kupoza kwa maji. Mama akataka kujua kama kompyuta sasa inakunywa maji, na kama kesho itataka na chai.

Padi ndiyo iliyomshinda zaidi. Kijiti cha breki kilikuwa chepesi, kinasogea ukikipumulia tu. Kidole gumba chake kilitetemeka, na breki ikawa inakaza na kulegea, kukaza na kulegea, mabehewa yakigongana huko nyuma. Baba akawa anaendesha ameuma meno. "Magunia yameshamwagika yote," akasema siku moja, akaweka padi chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Mimi nikasema tatizo ni kioo, ni kidogo. Nikaleta kikubwa.

Mchoro wake ulikuwa wapi wakati huo? Ulikuwa mezani kwangu dukani, chini ya kipanya. Ile karatasi ya kalenda ilikuwa laini, kipanya kiliteleza vizuri juu yake. Kila baba aliponiuliza kuhusu mpini nilimjibu kwamba nangoja chuma kizuri. Mama alikuwa akisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na mimi nilikuwa namwambia asiwe na wasiwasi. Sikuwa nangoja chuma chochote. Niliona mpini ni jambo la kizamani, la mtu ambaye hajaona bado kitu cha kweli. Nilitaka kumwonyesha kwanza nguvu ya mashine, halafu mwenyewe angeusahau.

Mwezi wa nane nikaleta miwani ya kuvaa kichwani, ile inayokufunika macho yote ukawa ndani ya gemu. Nilikuwa nimeisifia kwa wateja hadi sauti ikakauka. Ukigeuza shingo unaona nyuma, ukiinama unaona sakafu, na vishikio viwili vinausoma mkono wako bila kukosea hata unywele. Nikamvisha baba. Mama akamfunga vishikio mikononi, kwa sababu mimi nilikuwa nahangaika na waya.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

Akageuza kichwa pole pole. "Nimo ndani," akasema, na tabasamu likamjia. "Spana, nimo ndani! Dirisha lile pale. Reli ile." Nilimtazama mama kwa kiburi ambacho mpaka leo kikinijia akilini nafumba macho.

Kisha baba akainamisha kichwa kutafuta breki, na akaiona mikono yake. Nami niliiona kwenye kioo. Ile mashine ilikuwa na nguvu, lazima niseme hivyo, haikukosa kitu. Kila mtetemo wa kila kidole ulikuwepo, mkubwa na safi, mbele ya macho yake, hakuna pengine pa kutazama. Akajaribu kuushika mpini uliochorwa pale. Mkono wa picha ukapita katikati ya mpini kama moshi, ukatokea upande wa pili, bado unatetemeka.

Akaivua miwani mwenyewe.

"Hata humu umenifuata," akasema. Kisha akaongeza bila hasira yoyote, "Kwenye ile kompyuta yako ya kwanza, mwanangu, ugonjwa ulikuwa unabaki mlangoni. Nirudishie ile."

Ningemrudishia nini? Nilimwambia imeharibika. Hilo nalo niliongeza juu ya mengine.

Baada ya siku ile hakukaa tena kwenye kiti kile, na mimi nikanuna. Ndiyo, mimi ndiye niliyenuna. Niliona nimejitolea wee, na shukrani sijaipata. Kwa muda wa mwezi na nusu nilikuwa nikipita nyumbani nasalimia mlangoni kisha naondoka.

Mama ndiye aliyekuja dukani. Hakuwahi kufika pale, alikuwa akisema harufu ya nyaya zilizoungua inamuumiza kichwa. Alinipita bila salamu, akaenda mezani, akanyanyua kipanya na kuvuta ile karatasi. Ilikuwa na duara la kikombe cha kahawa katikati.

"Hiki ndicho alichokuomba," akasema. "Hakuomba taa. Hakuomba maji. Wewe ulikuwa unampa vile unavyovipenda wewe."

"Mama, nilitaka aone vizuri."

"Baba yako aliendesha treni miaka thelathini na moja, siku nyingine kwenye ukungu haoni hata pua yake. Nani alikwambia alikuwa anaendesha kwa kuona?"

Mchana huohuo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa pili. Aliigeuza ile karatasi huku na huku, akausoma na upande wa kalenda.

"Mchoro huu ni wa mwaka jana," akasema. "Chuma hiki ninacho tele. Siku zote hizo ulikuwa unangoja nini, fundi?"

Kazi ilichukua siku tatu. Siku tatu tu! Yeye alikata chuma na kuchomelea vituo saba, mimi nikatafuta springi ya pikipiki na kifaa cha kuupima mwendo wa mpini, nilichokitoa kwenye padi mbovu. Tukauning'inizia ndoo nusu ya maji, tukalegeza na kukaza springi mpaka ukawa unakataa kwanza, halafu unakubali. Nilipousukuma mimi mwenyewe nikiwa nimefumba macho, bila kioo, bila picha, bila mashine kuwashwa, nilihisi kuna kitu kizito upande wa pili kinanisikiliza. Hapo nikaelewa baba alichokuwa ananiambia, na nikakaa chini kwenye sakafu ya karakana ya watu nikalia. Yule fundi akajifanya anatafuta nyundo.

Asubuhi iliyofuata nikaupeleka nyumbani. Mama alikuwa anamfunga baba vifungo vya shati.

"Tangu lini unamfunga vifungo?" nikauliza.

"Tangu mwezi uliopita," mama akasema.

Sikujua. Nilikuwa nasalimia mlangoni.

Nikaufunga mpini kwenye kiti kwa nati nne. Nikazima taa zote za ile mashine, nikaizima na ile namba. Baba akaja, akakaa, akautazama mpini kwa muda mrefu. Akaupitisha mkono wa kushoto juu yake, akahesabu vituo kwa kidole, vyote saba. Kisha akaleta mkono wa kulia. Vidole havikufunga. Mama akapiga magoti, akavikunja kimoja kimoja kuuzunguka mpini.

Baba akasukuma. Niliona mshipa wa shingo ukimtoka. Mpini haukusogea hata kidogo. Akapumua, akasukuma tena, na bega lote. Haukusogea.

"Nitalegeza springi, baba. Dakika moja tu, spana ninayo hapa."

"Usiiguse." Akanitazama, na uso wake haukuwa na lawama, jambo ambalo lilinichoma kuliko lawama. "Huu ndio uzito wenyewe. Umepatia kabisa, Spana. Hata mpini wa kazini haukuwa mzuri hivi. Ukiulegeza utakuwa kijiti tu."

"Nisamehe, baba," nikasema. "Ningeuleta ule mwezi ulioniomba, ungeusukuma. Nilikuwa na mchoro. Nilikuwa nao mezani siku zote, nasogezea kipanya juu yake."

Hakusema kwamba si kitu, kwa sababu baba hasemi uongo kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Akasema, "Sogeza kiti chako hapa. Weka mkono wako chini ya wangu."

Nikaweka. Treni ikaanza kushuka. Baba alifumba macho, hakutaka picha yangu hata moja. Alisikiliza magurudumu, na kila mara aliniambia mapema: kaza kituo kimoja, ngoja, bado, sasa, rudisha. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya wangu, mkavu na mwepesi, na kila nilipousukuma mpini niliungoja mkono wake unisaidie, hata kidogo tu, nipate la kujidanganya. Haukunisaidia. Nguvu yote ilikuwa yangu. Kona ya kumi na tatu ikapita, njia ikanyooka, na treni ikasimama chini bila behewa kugonga behewa.

Mama akapiga makofi mara moja, akaacha.

"Umeishusha, baba," nikasema.

Akafumbua macho. "Hapana, mwanangu. Umeishusha wewe, na umeishusha vizuri." Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua kutoka juu ya wangu, akauweka mapajani.